Murembe Haujafa, Weka Panga Chini

Kila Januari lazima mtu asimame getini kwangu, hapa Kakamega, anipe pole kwa mti uliokauka. Mwaka huu alikuwa mama mboga. "Hizo si kuni tayari?" Nikamwambia asubiri wiki mbili.

Murembe, ambao Waluo huuita orembe na Wakikuyu muhuti, hupukutisha majani yote kiangazi. Linabaki gome nene lililopasuka kama kisigino cha mtembea peku, na miiba. Halafu, kabla jani hata moja halijarudi, ncha za matawi yale makavu zinawaka maua mekundu kama makaa yaliyopulizwa. Alfajiri ndege wadogo, chozi, wanagombania utamu wake mpaka ninaamka.

Vitalu vya kando ya barabara vimejaa duranta na bogenvilia, wageni kutoka Amerika. Sina ugomvi nao, bogenvilia hata mimi ninayo. Kinachoniudhi ni kwamba mti ambao wazee wa Kiluhya walikula viapo chini yake, leo tunaung'oa kupisha ua wa kununua. Eti unachafua kiwanja!

Ukiachwa, murembe hupita mita 10. Wangu ni kichaka, na hiyo si akili yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilienda Kisumu, kijana wa kibarua akaona "mti umekufa", akaufyeka. Nilikuta kisiki kinanifika gotini. Sikulala. Mvua iliponyesha, kisiki kikatoa machipukizi mengi, nikabakiza manne. Sasa maua yananifika usawa wa macho, na kila yakiisha ninapunguza matawi.

Kuotesha ni bure. Omba tawi nene kama kifundo cha mkono, liache kivulini siku chache jeraha likauke, lichomeke Machi mvua ikikaribia. Usilisogeze karibu na ukuta. Ni jamii ya kunde, mizizi yake inarutubisha udongo, kwa hiyo sukuma zangu nimezipanda jirani.

Mbegu ndizo za kuangalia. Ni nyekundu zenye doa jeusi, watoto wanazipenda kama shanga, na zina sumu. Mimi huzifagia.

Mama mboga alirudi Februari, akasimama akayatazama maua kwa muda mrefu. "Ni mazuri kweli," akasema. "Sasa utaukata lini?"