Vita ya 1812: mabaharia au ardhi?
Eti Marekani iliingia vitani na Uingereza 1812 kwa sababu mabaharia wake walikuwa wanakamatwa na kulazimishwa kutumikia manowari za Mwingereza, sawa, hilo lilikuwepo kweli na linauma, 1807 manowari ya Mwingereza, Leopard, iliimiminia mizinga manowari ya Marekani, Chesapeake, karibu tu na pwani ya Virginia, Chesapeake ikarusha kombora moja ikashusha bendera na watu wanne wakachukuliwa, lakini mbona wabunge wa New England, yale majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye bandari na wenye meli wenyewe, wengi wao walipinga vita? Waliokuwa wanaishabikia sana ni wa Kentucky na Tennessee, huko bahari hawaioni kabisa, macho yao yalikuwa kwenye Kanada na ardhi ya Wahindi Wekundu, wenyeji wa Amerika, kina Tecumseh kiongozi wao. Kura yenyewe ya kutangaza vita, Baraza la Wawakilishi 79 kwa 49, Seneti 19 kwa 13, hapo nchi ilikuwa imegawanyika jamani. Halafu usome mkataba wa Ghent wa Desemba 1814, ule wa amani wa kumaliza vita hiyo, habari ya mabaharia haimo hata neno moja, na Tecumseh alishauawa 1813, watu wake ndio walioumia kuliko wote. Sasa wenzangu, kama ile sababu ilikuwa ya kweli, mbona waliisahau siku ya kusaini?