Nyumba Yangu Imegeuka Darasa, na Kitabu ni Mimi

Kugombana na mkeo ndani ya nyumba unayolipia kodi ni haki ya mtu. Mimi haki hiyo nilipokonywa siku mama watoto alipokubali kuweka wageni wa kujifunza Kiswahili. Na usidhani ni watoto wa shule. Ni watu wazima, wengine wana wajukuu, wametoka Uholanzi, Ujerumani, Korea, wameacha kazi zao na baridi yao wakaja Nakuru. Asubuhi wanaenda kwa mwalimu huko mjini, jioni wanarudi hapa kwangu Section 58 kufanya mazoezi. Mazoezi yenyewe ni sisi.

Majuzi nilikuwa nimeanza vizuri tu. Nimeuliza ile pesa ya gesi imeenda wapi, mama watoto ameshashika kiuno, anavuta pumzi anijibu, mara yule mama Mholanzi akainua kalamu. "Samahani baba, unaweza kurudia polepole?"

Jaribu wewe kufoka polepole. Nikarudia. Akaandika. Akauliza kama "imeenda wapi" na "ilienda wapi" ni kitu kimoja. Mama watoto, ambaye ndiye mshtakiwa, akageuka mwalimu, akaanza kumfafanulia kwa upole mwingi, na mimi nimesimama pale nikitolewa mfano. Walipomaliza hasira ilikuwa imepoa, chai imepoa, na pesa ya gesi sijaiona mpaka leo.

Sharti la nyumba ni Kiswahili tu. Kiingereza marufuku, Kikuyu marufuku, kwa sababu eti mgeni akisikia lugha nyingine masikio yake yanachanganyikiwa. Sasa mama yangu mzazi akipiga simu kutoka Molo inabidi niende kuongelea chooni. Mzee mzima, nimejifungia, nanong'ona "ĩĩ maitũ, ĩĩ maitũ," na jirani wa ukuta wa pili ameshawaambia wapangaji wengine nina mpango wa kando.

Hao majirani nao tuwaache? Mgeni wetu wa kwanza alikuwa Mwingereza. Jirani akaniuliza ametoka wapi, nikamwambia London, nikasahau kwamba Nakuru nasi tuna mtaa wa jina hilo, kando ya jaa la takataka. Akanyamaza, akamtazama yule mtu kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "London hii yetu ya jaa la Gioto? Na amepauka hivyo?" Mpaka anarudi kwao watoto wa ploti walikuwa wanamwita Mzungu wa Gioto, naye akiitika kwa furaha, akidhani ni cheo.

Tangu hapo kila kitu kimepanda bei. Mama mboga anaona nani amekuja naye ndipo anahesabu nyanya. Mwenye ploti aliona teksi ikishusha masanduku akapita jioni kuniuliza kama biashara ni nzuri, na mwenye ploti akikuuliza hivyo ujue kodi inapanda. Pasta, ambaye nilipolazwa mwaka jana alinitumia ujumbe wa simu tu, sasa anatutembelea kila Jumapili, anakaa karibu na mgeni, na kadi ya mchango iko mfuko wa shati, ncha imetokeza. Shemeji yangu alileta vyeti vya kijana wake vyote, hadi cha ubatizo, ampe Mjerumani aende navyo. Mjerumani wa watu ni mhandisi aliyestaafu. Alivisoma vyote kwa sauti, akafurahi, akamrudishia na kumshukuru kwa zoezi.

Lakini haya yote ningevumilia kama si mambo ya chakula.

Huyu mama Mholanzi hali nyama. Sawa, ni tumbo lake. Ila mama watoto akaamua kwamba si adabu sisi tukitafuna mifupa mgeni akitutazama, kwa hiyo nyumba nzima tukaacha nyama. Jumatatu ndengu, Jumanne terere, Jumatano ndengu za Jumatatu. Mimi ni fundi wa magari. Nashinda nimelala chini ya Probox, nainua gia boksi kwa kifua. Ndengu haziinui gia boksi.

Nikatafuta bucha moja ya kuchoma huko Shabab, upande mwingine wa mji, mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikaagiza nusu kilo ya mbuzi, mbavu. Imeletwa kwa ubao, bado inalia mafuta, chumvi imerundikwa pembeni, kachumbari ina pilipili ya kutosha. Nimeshika ubavu wa kwanza, nimefumba macho kidogo. Nikasikia, "Shikamoo baba!"

Katika Nakuru nzima hakuna anayeamkia watu shikamoo ila wageni wangu. Walitoka nayo kwenye vitabu vyao. Nikafumbua macho, ni yeye, na daftari mkononi. Mwalimu alikuwa amewatuma waulize bei kwa wafanyabiashara, na kati ya wafanyabiashara wote wa mji huu akamchagua mwenye bucha wangu. Tukasalimiana vizuri. Nikamwomba kwa heshima, na polepole kama anavyopenda, kwamba haya mambo yabaki hapa. Akaniambia ameelewa kabisa.

Jioni tumeketi mezani, ndengu mbele yetu, mama watoto akamuuliza kama ana kazi ya nyumbani. Akasema ndiyo, leo wamefundishwa kueleza yaliyopita. Akafungua daftari, akakohoa kidogo, akasoma:

"Leo mchana nilimwona baba. Baba alikuwa anakula nyama. Alikula nyama ya mbuzi, nusu kilo. Alikula peke yake. Alifurahi sana."

Sijawahi kusikia Kiswahili safi namna hiyo. Hakuna kosa hata moja la sarufi. Mama watoto aliweka kijiko chini, akapiga makofi. "Vizuri sana dada, umeendelea kweli. Ongeza sentensi moja."

"Baba aliniambia nisiseme."

Kuhusu wiki iliyofuata sina la kusema.

Umeme pia sina nguvu ya kuueleza wote. Mtu anaingia kuoga maji ya moto, redio inaimba nyimbo kadhaa, taarifa ya habari inasomwa, hajatoka. Mita inaanza kulia ti-ti-ti. Ametoka na taulo kichwani ananiuliza ni ndege gani huyo analia. Namjibu ni tokeni. Anaandika.

Na wanasoma sana hawa watu kabla hawajaja, hilo nalo ni tatizo. Yule Mkorea alifika tayari anajua kwamba maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano, na kwamba yanaacha madoa ya kahawia kwenye meno. Alinieleza haya yote ndani ya gari siku nilipomchukua stendi. Kisha akanitazama mdomoni. Nilizaliwa Njoro, nimekunywa kisima tangu utotoni. Nikaendesha mpaka nyumbani nimefumba mdomo.

Ni huyohuyo aliyetuletea habari kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021, na kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku ambayo chama cha TANU cha Nyerere kule Tanganyika, mwaka wa 1954, kilitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Akataka twende katikati ya mji kuona sherehe. Sasa mimi Julai 7 ninayoijua ni Saba Saba, ile ya 1990, ya mkutano wa Kamukunji, watu wanataka vyama vingi na polisi wanataka watu. Mfanyabiashara yeyote wa mji huu akisikia tarehe hiyo anafikiria kufunga duka kwanza, mengine baadaye. Nikamwambia tutasherehekea ndani. Tukafunga lango, akatuamuru tuketi, akatusomea Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, pale inaposema lugha ya taifa ni Kiswahili, halafu akauliza kwa nini basi ankara zetu, dawa zetu na barua za benki zote ni kwa Kiingereza. Akanikazia macho, utadhani benki ni yangu.

Mtoto wangu wa gredi ya 8 alikuwa na jibu, akalitoa kwa Sheng, Mkorea akamsahihisha ngeli. Siku hizi ndivyo ilivyo. Kazi ya nyumbani ya Kiswahili haniletei tena mimi niliyezaliwa nacho. Anampelekea Mkorea, wanakaa mezani na kamusi katikati, na nikipita naambiwa nisiseme "viti zangu" mbele ya watoto. Hela za viti nilitoa mimi.

Najua utaniuliza kwa nini nisikatae. Karo inalipwa na nani? Zile pesa zinaingia kwa simu ya mama watoto, lakini viatu vya shule nimeviona, na paa la mama yangu kule Molo limeacha kuvuja. Kwa hiyo naendelea kutamka maneno yote mpaka mwisho na kula kinachopakuliwa.

Jana nimeambiwa mwezi ujao wanakuja wawili kwa pamoja, mume na mke, Wamarekani, na hao wamesema wanakula nyama. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Halafu nikaambiwa wiki hiyohiyo mama mkwe anakuja kutibiwa macho, atakaa hapa mpaka apone, na kwamba wale Wamarekani wameomba, kama haitasumbua, wafundishwe namna Waafrika wanavyoongea na mama mkwe. Mfano watautoa kwangu.