Msaada Unaobaki

Nilijifunza kutengeneza tovuti Ngamiani, Tanga, katika chumba cha nyuma cha duka la kuchapisha kadi za harusi. Kaka mwenye duka alikuwa na kompyuta mbili, na moja aliniachia niichezee bila kunidai hata shilingi. Hakunipa somo lolote. Nilikaa pembeni yake nikimtazama, na nikikwama alivuta kiti, akashika kipanya, akasema "ona hapa", tatizo likaisha. Ndivyo mwanagenzi anavyojifunza useremala au cherehani kwetu. Nina miaka sita sasa Berlin na bado sijaona njia ya kufundisha yenye upendo kuishinda ile.

Ila nikikumbuka vizuri, tatizo lilelile alinitatulia mara tatu. Kisha akaja kijana mwingine, naye akatatuliwa mara tatu. Hakuna kati yetu aliyeandika chochote. Kaka alipohamia Dar es Salaam alihama na ujuzi wake wote kichwani, sisi tukabaki na namba yake ya simu.

Kazi yangu ya kwanza huku ilinikutanisha na Django. Kwa asiyeijua, ni zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python. Ilianzia katika gazeti moja la mji mdogo wa Lawrence, Kansas, ikaachiwa umma mwaka 2005 ili yeyote aitumie, aisome ndani na kuirekebisha. Nikiwa na wiki chache kazini nikaona mfano mmoja kwenye maelezo yake haufanyi kazi. Mwenzangu wa meza ya pili akaniambia niandike tiketi, yaani niripoti mahali ambapo dunia nzima inaona.

Ilinichukua wiki mbili kuiandika. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini darasani kwetu aliyeuliza alichekwa hadi akajuta, na woga ule nilisafiri nao. Niliogopa kwamba jina langu, jina la Kitanga kabisa, litabaki pale milele likiwa na swali la kijinga chini yake.

Jibu lilikuja siku iliyofuata. Mtu nisiyemjua alinishukuru, akathibitisha kosa, akaniuliza kama ningependa kulirekebisha mwenyewe. Nikatuma kiraka, yaani marekebisho yenyewe. Kikarudi. Nikatuma tena, kikarudi tena. Lakini angalieni kilivyorudi: kwenye tiketi za Django kuna alama zinazosema kiraka kinahitaji majaribio, au kinahitaji maelezo, au kinahitaji kuboreshwa. Zote zinazungumzia kiraka. Hakuna hata moja inayomzungumzia aliyekiandika. Mtu aliyelelewa kwa fimbo ya "wewe huelewi" anapokutana na jambo dogo kama hilo, kitu kinalegea kifuani. Mara ya tatu kikapokelewa.

Tangu hapo nimesoma mamia ya tiketi za watu wengine, na tiketi zenyewe zimeshapita 35,000. Nyingi zimejibiwa kabla sijajua hata kompyuta ni nini. Mtu aliuliza, mtu akajibu, na jibu bado linafanya kazi. Hapo ndipo nilipomkumbuka kaka wa Ngamiani na kuona uchungu. Majibu yake yalikuwa mazuri vilevile. Yaliyeyuka tu.

Nikirudi likizo huwa naambiwa, "Wazungu wanapenda kusaidiana, sisi tuna choyo." Silikubali neno hili hata kidogo. Aliyeniachia kompyuta bure alikuwa na choyo gani? Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani ulioanzia Kenya mwaka 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uliachwa wazi na umetumika nchi nyingi duniani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuleta programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu 2004. Ukarimu tunao. Wenzetu wamezidi kwa mpangilio. Tangu 2014 taasisi inayosimamia Django hukusanya michango na kumlipa mtu ili kazi yake iwe kusoma tiketi, kupitia viraka na kuwajibu wageni kama mimi. Yule aliyenijibu kwa upole hakuwa ameshinda na njaa huku akinisaidia. Upole wake ulikuwa umetengewa fedha, na mimi siuoni kuwa umepungua thamani kwa sababu hiyo.

Tena kuna bando. Huku nalipia intaneti ya nyumbani mara moja kwa mwezi, nikipakua kitu kikubwa sifikirii. Tanga nilikuwa nasubiri usiku wa manane kupakua maktaba moja, yaani furushi la msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ikikatika karibu na mwisho naanza upya na salio limekwisha. Anayemwita kijana wa namna hiyo mvivu hajawahi kukaa kwenye kiti chake.

Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa Django wa Afrika, DjangoCon Africa, ulifanyika Zanzibar. Nilikata tiketi ya ndege bila kufikiri mara mbili. Pale nilikutana ana kwa ana na rafiki wa Kenya tuliyefahamiana kwenye tiketi tu. Alikuwa amenyimwa viza ya Ulaya mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na mwaliko mkononi. Safari hii alipanda basi hadi Dar, akavuka kwa boti, akafika.

Jioni moja tulikaa barazani Mji Mkongwe, kahawa na kashata katikati, tukiangalia tafsiri ya Kiswahili ya Django. Kuna ujumbe unaotokea ukihifadhi kitu: Kiingereza kinaacha nafasi ya jina, kisha kinasema kitu hicho kimeongezwa, na sentensi moja inatosha majina yote. Kiswahili hakikubali. Mtumiaji ameongezwa, kitabu kimeongezwa, jina limeongezwa, picha imeongezwa. Programu haijui ngeli! Tulibishana muda mrefu, watu watano wenye laptopu, kila mmoja na ujanja wake wa kuifundisha mashine ngeli. Dada mmoja, mwalimu wa Kiswahili kutoka Pemba aliyekuja kumsindikiza mdogo wake, akatusikiliza, kisha akasema, "Kwani lazima kitu ndicho kiongezwe? Semeni umeongeza." Tukanyamaza. Sentensi ikianza na mtumiaji mwenyewe, jina lolote linaingia nyuma yake bila kuvunja kitu. Hajawahi kuandika msimbo maishani mwake, na hakuna mhandisi wa Berlin ambaye angetutoa pale.

Nilichokiona barazani ni kile ninachokikosa huku. Berlin nikijibiwa, mazungumzo yamekwisha. Waliopitia viraka vyangu kwa miaka hii siwajui sura, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula au mama anaendeleaje. Katika majira ya baridi, giza linapoingia saa kumi jioni, nimewahi kutatua tatizo gumu la wiki nzima nikageuka kutafuta wa kumwambia, nikakuta ukuta. Ngamiani, duka zima lingepiga makofi.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wenzangu mliobaki nyumbani na mnaojifunza: kaeni pamoja kama tulivyokaa siku zote, lakini mkiinuka, mmoja aandike. Kwa Kiswahili pia inafaa. Jibu la yule mwalimu nililiandika usiku uleule na sababu yake, ili mfasiri ajaye asibishane jioni nzima.

Mwezi uliopita mpwa wangu alituma kiraka chake cha kwanza. Kikarudi na alama mbili. Akanipigia saa nne usiku, sauti imemwishia, akitaka nimrekebishie mimi. Tulikaa kwenye simu zaidi ya saa nzima, nikimwambia "ona hapa", hadi akaona. Kisha nikamwomba swali lake aliandike chini ya tiketi yake, kwa Kiingereza chake hichohicho. Aliandika. Jibu langu nami nikaliweka hapohapo, chini ya jina lake.