Dar ni ghali zaidi ukiwa huna hela

Wa Masaki kwa matajiri na wa Tandale uswahilini wote wanaoga, wanapika, wanalala. Ila ukipima bei ya kila lita na kila kilo, anayelipa zaidi ni wa Tandale, na hilo sijalisikia kwenye hotuba za ukuaji wa miji.

Tuanze na maji. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa shilingi 200 (maji yakikatika hupanda), uniti hiyo inafika 10,000. Mwenye bomba lake ndani halipi hata nusu ya hapo. Mkaa ni vilevile: mwenye nafasi anashusha gunia, asiye nayo ananunua kopo kila jioni, na kwa kopo gunia linatoka ghali. Mafuta ya kupima ndiyo usiseme. Halafu tunaambiwa maskini hawajui kupanga matumizi! Mama anayelisha watoto wanne kwa elfu tano anajua hesabu kuliko wengi wetu wenye mishahara. Anachokosa ni hela ya mkupuo.

Na mkupuo ndio mwenye nyumba anaoutaka: kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima. Kijana aliyeshuka juzi kutoka Singida ataitoa wapi? Anakwenda kupanga Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji, kisha nauli inammaliza asubuhi na jioni. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 yalipita Kimara hadi Kivukoni. Yeye akabaki kugombania daladala.

Mgawanyo huu tuliurithi. Enzi za mkoloni mji ulikatwa vipande: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na huduma zikafuata humo humo. Ubaguzi wa rangi uliondoka, viwanja vikabaki vilivyo. Oysterbay kuna nafasi na miti. Manzese kuna vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupenya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani, milioni moja na ushei zaidi ya 2012, na wengi wao wanaishi kwenye makazi yasiyopimwa.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye Luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Ghorofa zina kiwango chake, lakini nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, iwe kibanda cha Mbagala au jumba la chini lenye bwawa la kuogelea. Na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Mwambie akamdai mwenye nyumba amrudishie, uone kama atathubutu.

Mimi ningeanzia hapo: nyumba ilipiwe kwa thamani yake na mahali ilipo, pesa hiyo ivute mabomba uswahilini. Kodi ya pango nayo iwe ya mwezi kwa mwezi. Nairobi ndivyo wengi wanavyolipa, wakishaweka amana, na sijasikia wenye nyumba wa huko wamefilisika kwa sababu hiyo.