Juu ya nini Yesu? Sababu zinazosimama na zile zinazoanguka

Uliza mtu yeyote hapa Lubumbashi juu ya nini yeye ni mkristo, mara nyingi utasikia majibu matatu tu. Wa kwanza atasema nilizaliwa humo, baba mkatolika mama metodisti. Wa pili atasema nilikuwa mgonjwa pasta akaniombea nikapona. Wa tatu atasema Yesu ananikinga na walozi. Mimi ni mkristo na ninaipenda hii imani, njo maana hayo majibu yananisumbua, juu muislamu wa Kasongo anaweza kukujibu vilevile neno kwa neno, kwamba alizaliwa humo, alisomewa dua akapona, na Mungu anamkinga. Sababu ambayo kila dini inaweza kuitumia haijaeleza bado juu ya nini ulichagua hii ukaacha ile.

Tuanze na ya kuzaliwa, juu njo wapinzani wanaipiga zaidi. Wanasema ungezaliwa Zanzibar leo ungekuwa unaswali. Ni kweli kabisa, tusibishe. Hata huku kwetu mashariki uislamu ulitangulia: watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe kutoka Zanzibar, walikuwa tayari Kasongo wakati Mapadri Weupe, wamisionari wakatolika, wanafika ziwa Tanganyika mwaka 1879, na hiki Kiswahili tunachoimbia misa kililetwa na misafara ya wale wafanyabiashara wa pwani. Kwa hiyo ni nani alifika kijijini kwenu kwanza, na nani alifungua shule, vimeamua mengi kuliko tunavyotaka kukubali. Lakini hiyo hoja ina kikomo. Inaeleza umepata wapi imani, haisemi kama ni ya kweli ama ya uongo. Na yule anayesema hakuna Mungu naye alizaliwa mahali, akasoma kwa mwalimu fulani. Mtu mzima anapaswa kuchukua kile alichopewa akiwa mtoto akakipima mwenyewe, sasa wengi wetu hatujawahi kukipima njo shida yenyewe.

Hoja ya miujiza, hapo nitakuwa mkali. Ingia kesha la ijumaa kwenye komini ya Kenya ama Katuba hapa mjini, utasikia sono, yaani vipaza sauti, imefunguliwa mpaka mwisho, utaona, meza ya chupa ndogo za mafuta ya upako kila moja na bei yake, wamama wameshika picha za waume zao juu, kijana ameinua pasporti iombewe viza, na mbele kuna mtu anasema toa kwanza ndipo upokee. Sisemi Mungu haponyi, naamini anaponya. Lakini ukimfuata Yesu juu ya muujiza, siku muujiza unakataa utaondoka, utaenda kanisa lingine, kisha la tatu, na mwisho utajikuta kwa mganga juu ulikuwa unatafuta kitu kilekile tangu mwanzo. Halafu hofu ya ulozi tunayoipalilia makanisani imewatupa watoto barabarani. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza kabisa kumshitaki mtoto kwamba ni ndoki, yaani mlozi, na bado kuna wahubiri wanaofanya hivyo wakishika Biblia mkononi. Mtu akiniambia hiyo njo sababu hataki ukristo, sina cha kumjibu haraka, namuelewa.

Sasa ile kubwa, kwamba hii ni dini ya wazungu. Wanaosema hivyo waangalie historia ya Simon Kimbangu, mhubiri mkongomani wa wakati wa ukoloni, na sisi wakristo vilevile tuiangalie. Alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba mwaka 1921, aliambia watu waache sanamu za uganga na waache kuoa wake wengi, mambo yale yale wamisionari walikuwa wanafundisha. Miezi michache tu Wabelgiji wakamkamata, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kufa, mfalme Albert akabadilisha ikawa kifungo cha maisha, wakamleta huku mbali, Elisabethville, yaani Lubumbashi hii hii, akakaa gerezani mpaka alipokufa Oktoba 1951. Miaka 30. Waliomfunga walikuwa wamebatizwa, wanaenda misa jumapili. Hiyo ni hoja nzito dhidi yetu na haifutiki kwa kusema eti wale hawakuwa wakristo wa kweli, juu kila dini inajitetea vile ikishikwa na makosa.

Lakini tazama upande wa pili. Kama ukristo ungekuwa tu kamba ya mkoloni ya kutufunga, juu ya nini mkoloni aliogopa mtu mweusi anayeihubiri? Waliogopa juu ile habari mikononi mwa watu wetu ilikuwa inasema kitu ambacho serikali haikutaka kisikike, kwamba mbele ya Mungu huyu bwana mkubwa na huyu mbeba mizigo ni sawasawa. Na zaidi ya hapo, ukristo ulikuwa Misri na Ethiopia mamia ya miaka kabla nchi inayoitwa Ubelgiji haijakuwepo, na mfalme wa Kongo Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Mimi naona upande huu unashinda, ila kwa shida, na si kwa kuficha ule wa kwanza.

Mababu nao wana haki yao. Walimjua Mungu kabla ya mmisionari, walijua kwamba mtu hawi mtu peke yake, walizika vizuri, walipatanisha watu. Padri Placide Tempels aliyefanya kazi Katanga alikubali jambo hilo akiwa mzungu, na ile Jamaa, kikundi cha wakatolika kilichoanza naye Kolwezi miaka ya 1950 kati ya wafanyakazi wa migodi kilifundisha kwa Kiswahili uzima, uzazi na mapendo, mambo ambayo mzee yeyote wa kijijini angeitikia. Kwangu mimi mababu wanapungukiwa mahali pamoja: heshima yao ilikuwa ya ukoo. Mtu wa ukoo mwingine, mtumwa, mjane asiye na mtu, hakuwa na nafasi sawa.

Na uislamu? Hapa wengi wanaropoka, wanatukana Mtume na kufikiri wamejibu. Muislamu ana vitu ambavyo vinapaswa kutuaibisha. Mungu mmoja bila hesabu ya Utatu inayotutoa jasho kuieleza. Swala tano kila siku, tajiri na maskini bega kwa bega. Zaka ni asilimia 2.5 ya akiba, na masharti yanajulikana, wakati huku kuna mahali fungu la kumi linadaiwa hata kwa mama anayeuza makaa kwa vifuko. Tofauti ya kweli iko msalabani. Kurani sura ya nne aya ya 157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Waislamu wengi wanaeleza kwamba Mungu hawezi kumuacha mtume wake aaibishwe vile, na ni hoja ya heshima, inatoka kwa mtu anayempenda Mungu. Shida ni kwamba historia inasema alisulubiwa. Tacitus, mwanahistoria Mrumi ambaye hakupenda wakristo hata kidogo, aliandika karibu mwaka 116 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato wakati wa kaisari Tiberio. Na Paulo alipoandikia Wakorinto, karibu mwaka 55, alitaja watu waliomuona akiwa hai baada ya kufa, wengine kwa majina, na wengine zaidi ya mia tano ambao alisema wengi wao bado wapo.

Je, hiyo inathibitisha ufufuko? Hapana. Injili zenyewe hazilingani kuhusu ni wanawake gani walienda kaburini, na mtu anaweza kusema waliona maono ya huzuni. Mimi najibu kwamba mtu anayetunga hadithi zama zile hawezi kuweka wanawake kuwa mashahidi wa kwanza, juu neno lao lilidharauliwa. Lakini nakubali historia inanifikisha mahali fulani kisha inabaki nyuma, mbele ni kuamini.

Kinachonishika mimi ni ule msalaba wenyewe. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya shaba, iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa ile depaa volonteri, yaani kuondoka kwa hiari, iliyolipiwa na Benki ya Dunia, na hapa mjini kila familia inajua ilivyokuwa: baba aliyezoea poso ya unga kila mwezi, shule ya watoto na hospitali ya kampuni, anabaki na bahasha inayoisha haraka na kiti nje ya nyumba. Kwa huyo baba injili ya baraka na mafanikio ilimuongezea mzigo, ilimwambia kuna dhambi nyumbani kwako. Mungu aliye juu asiyeguswa angeweza kumpa subira, na subira si kitu kidogo. Lakini Mungu aliyevuliwa nguo, aliyeonewa na serikali, aliyelia mbona umeniacha, huyo anaketi naye kwenye kile kiti. Sijaona imani nyingine inayosema hivyo kuhusu Mungu, na kama si kweli basi ni uongo wa ajabu sana.

Linabaki swali la jirani yangu muislamu, mwema kuliko wazee wengi wa kanisa. Wakatolika tangu mtaguso wa Vatikano wa pili, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960, wanafundisha kwamba asiyemjua Kristo bila kosa lake anaweza kuokoka, wapentekoste wengi wanakataa kabisa, na wana aya zao. Mimi nasimama na hao wa kwanza. Ndugu zangu wa kikundi cha maombi wakitaka tubishane, tubishane, ila wanionyeshe ni wapi Yesu alimfukuza mtu wa aina ile.