Mimi na kile kiti, Passau mpaka Vienna

Hivi jamani, mtu wa Shinyanga unamwambiaje eti baiskeli ni likizo? Mimi nimekulia juu ya Phoenix ya mzee, gunia la mkaa kwenye keria, mpira wa kufungia unakatika mara tatu kabla hujafika mjini, na siku napata viza ya Ujerumani niliapa sikanyagi pedeli tena mpaka nazikwa. Sasa mama Neema wenzake wa kazini hapa Munich wamemjaza, karudi nyumbani anasema tunaenda Passau, tunafuata Danube mpaka Vienna, kilomita 300 na ushee, familia nzima, wala hakuna shida kwa sababu njia inafuata mto na mto unateremka. Mto unateremka sawa, ila mimi sio maji.

Passau pazuri, sikatai. Mito mitatu inakutana pale, Danube, Inn na Ilz, kila mmoja na rangi yake, watoto wakashangaa na mimi nikashangaa kama dakika kumi hivi. Baada ya hapo ni kiti tu. Aliyetengeneza kile kiti sijui alikuwa na ugomvi na nani, chembamba kama kisu cha mchicha, ndo maana wanakuuzia kaptula yenye godoro ndani, ukishuka unatembea kama mtoto ambaye nepi yake imejaa. Alafu Schlögen mto wenyewe unapiga kona unarudi ulikotoka, yaani umekanyaga jasho linakutiririka afu unajikuta unaangalia kwenu.

Ila kinachouma ni wazee. Bibi wa miaka kama 75, mvi kichwa kizima, ananipita kwenye kakilima mgongo umenyooka, hata hahemi, ananipungia "Servus!", kumbe baiskeli yake ina mota. Neema akaniuliza baba mbona sisi hatuna za betri, nikamwambia hilo swali lina mwenyewe, yuko mbele pale kavaa kofia nyekundu.

Pancha nayo ikaja siku ya jumapili. Kwetu unasukuma mpaka chini ya mwembe, fundi ana karai lake la maji, anazamisha tyubu, povu likitoka ndo hapo hapo, mia tano mnaagana. Huku tumekuta mashine ukutani inauza tyubu kama soda, unadumbukiza hela inakutemea tyubu. Kuivalisha ni juu yako. Saa nzima, kucha mbili zimeenda.

Melk kuna monasteri ya njano kubwa kama mtaa, ipo juu ya mwamba, na ukiwa chini unaiona vizuri tu bila kulipa, lakini wapi, tukapanda. Dürnstein ndo wakanionyesha magofu alikofungwa Richard mfalme wa Uingereza mwaka 1192, watu wanamsikitikia, mi nikasema huyu alilipiwa akatoka, mimi nimelipa niingie.

Jioni tukatuma picha kwenye grupu la ukoo, mimi na baiskeli, mizigo mbele, mizigo nyuma, mashamba ya zabibu. Mama yangu akanifuata inbox, voisi noti, sauti ya chini kabisa: "Baba, huko mambo yameharibika kiasi hicho? Niuze yule mbuzi nikutumie nauli ya basi?"

Nikakiangalia kile kiti. Nikamjibu, uza.