Na John Work je?

Asante kwa makala kuhusu rekodi za zamani za bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, zinazosikilizwa bure mtandaoni, ila sifa zote mmemrundikia Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi. Agosti 1941 walipomrekodi mwanabluzi Muddy Waters kwenye shamba la Stovall, Mississippi, kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, Lomax alikuwa na John Work, mwanamuziki Mweusi wa Chuo Kikuu cha Fisk. Huyu hamkumtaja hata kwa bahati mbaya! Muddy mwenyewe wakati huo alikuwa akiendesha trekta. Chicago alihamia 1943.

Wanaoanza, mimi ningewaelekeza kwanza kwa Fred McDowell, mkulima na mpiga gitaa wa Como, Mississippi, aliyerekodiwa 1959. Vaeni visikilizio. Nyuma ya gitaa kuna sauti inayovuma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa: ni Fannie Davis anapuliza kitana kilichofunikwa karatasi. Nilicheka peke yangu usiku wa manane, maana utotoni tulifanya vivyo hivyo kwa karatasi ya pakiti ya sigara, bibi akitufukuza uani. Na msitafute kwa majina ya wasanii tu. Andikeni jina la mji, muone yatakayoibuka.